Papa Modeste na Maneno Aliyoyaandika Ukutani Kibati

Baba Padri, wanashirika, ndugu mliovuka ziwa jana kutoka Bukavu, majirani wetu wa Mabanga, na nyinyi watu wa Kibati mnaobanana huko nyuma wakati viti vya mbele viko vitupu, familia ya marehemu Baharanyi Modeste inawashukuru kwa kufika, nami Fortunat, mdogo wake wa tumbo moja, nimetumwa kuwasomea safari yake kabla hatujamsindikiza. Karatasi kama hii kwa kawaida huandikwa na jamaa baada ya kifo, huku wakibishana juu ya miaka, lakini ya Modeste haikuandikwa hivyo, kwa maana alipolazwa mwezi wa tisa aliagiza daftari, akanikalisha kando ya kitanda, akaniamuru niandike, kisha akaisahihisha yote kwa kalamu yake ya bic nyekundu, na mahali nilipoandika kwamba alizaliwa mwaka wa 1953 alizungushia duara na kuuliza pembeni tarehe iko wapi. Sifa nilizomwekea alifuta tatu, kesho yake akarudisha mbili.

Sharti lake lilikuwa moja, kwamba habari ya maji ya Kibati isomwe yote bila kupunguzwa, na aliniambia mbele ya mke wake, "Fortunat, mukiruka pale, mi nitaamuka mbele ya batu bote, na padiri atapata kazi ya kueleza." Kwa hiyo hatutaruka. Kwenye ukurasa wa mwisho aliacha mstari mmoja mtupu, akasema ujazwe na atakayekuwa hai, na mstari huo nao tutaufikia.

Modeste alizaliwa Alhamisi tarehe 12 Machi 1953 huko Kabare, upande wa Bukavu, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa marehemu Baharanyi Cosmas, karani wa shamba la kwinini, na marehemu Mama Nsimire, aliyekuwa akimtuma maji chemchemi ya karibu na kumwona akirudi baada ya saa mbili, kwa sababu alipitia chemchemi tatu ili aonje ipi ni tamu zaidi. Alipigwa kwa ajili hiyo, na hakuacha.

Alisoma shule ya msingi hapo Kabare kuanzia Septemba 1959, akaenda sekondari mjini Bukavu, masomo yakakatishwa na vita vya mwaka 1967, akarudi darasani, akapata diploma ya Serikali mwezi Julai 1974 katika biokemia kwa asilimia sitini na moja, nami nilikuwa nimeandika "zaidi ya sitini", akanirudishia daftari. Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa hapa Goma kama msaidizi wa maabara ya maji, akafika na sanduku moja la mbao na suti moja ya kahawia, suti ile ile aliyovaa leo.

Mji wetu mnaujua, umekaa juu ya jiwe la volkano, mvua ikinyesha inazama katikati ya mawe kabla hujaweka beseni, hakuna kisima wala mto, maji ya ziwa yana chumvi kidogo, ndiyo maana kila paa lina mfereji na kila mfereji una tangi chini yake, na kijana aliyetoka kwenye chemchemi za Kabare alishangaa kuona watu wanatazama mawingu kama wengine wanavyotazama shamba. Alipima maji ya mji huu kwa miaka thelathini na tisa na miezi kumi na moja. Kipindupindu kilipotupiga mwaka 1994 alizunguka na ndoo ya klorini mabegani, avenue kwa avenue, akifundisha jambo moja tu, kwamba maji yachemke dakika ishirini kwa saa ya mkononi, si kumi na tisa, na hapo ndipo watoto wa Mabanga walipompa jina ambalo wengi wenu hamjui lingine, Papa Vingt Minutes, yaani Baba Dakika Ishirini. Hatujui ni watu wangapi wako hai kwa sababu ya usumbufu wake, lakini tunadhani baadhi yenu mmekaa hapa.

Mke wake alimpata kwa njia ya maji vilevile. Alikwenda Bukavu kwa likizo, akaingia nyumbani kwa baba yake Nabintu Léonie kwa kisingizio cha kiu, akaletewa kikombe, badala ya kunywa akakimimina ndani ya chupa ya maabara, akafunga, akaaga, na mzee wa nyumba akakasirika sana kwamba kijana wa Kabare ameona maji yake machafu. Wiki ya pili alirudi na wajomba wawili, akatangaza kwamba maji ni safi kabisa na kwamba yeye anampenda binti wa nyumba hiyo. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Agosti 1980, Mungu akawajalia watoto wanne, Cosmas, Godelive, Adolphine na Fidèle, wajukuu kumi na mmoja, na Mama Léonie anaomba isemwe kwamba moto wa volkano ulipochoma nyumba yao tarehe 17 Januari 2002, mume wake aliokoa kwanza sanduku la dawa za maabara, kisha picha ya harusi, kwa mpangilio huo.

Alistaafu tarehe 31 Desemba 2015, wakampa saa ya ukutani, naye akaendelea kama vile hakuna aliyemwambia chochote, akipima matangi ya majirani, ya parokia, ya shule, ya maharusi kabla ya sherehe. Sasa tunafika Kibati.

Mnakumbuka tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipomwagika tena, nyumba zikaungua, mabomba yakakatika, na watu wa mteremko wa Kibati waliporudi walikuta majivu na hawana hata mahali pa kukinga mvua. Kwenye shamba la zamani la mzungu mmoja aliyeondoka miaka mingi kabla wengi wetu hatujazaliwa, walikuta birika la saruji, refu, jembamba, lenye kina cha kumzidi mtu mzima, limejaa magugu lakini halina ufa, na wakasema Mungu amewawekea citerne, tangi la maji, tayari. Walilisafisha kwa majivu na sabuni siku nne nzima, wakaegesha mabati juu na mfereji, mvua ya mwezi wa nane ikalijaza, na kwa kuwa ni watu waangalifu hawakunywa kabla ya kumwita Papa Vingt Minutes.

Alipanda Jumapili tarehe 12 Septemba 2021 baada ya misa, akapima vijidudu, akapima klorini, akapima uchafu, vyote vikawa sawa, akaonja, akapiga ulimi, akasema hayana chumvi kama ya ziwa, na kwa furaha akaomba rangi ya buluu, akaandika ukutani kwa herufi za urefu wa mkono: MAJI MAZURI. CHEMSHA DAKIKA 20. M.B. Nyumba thelathini na saba zilikunywa maji hayo kwa miezi kumi na mitatu, na Modeste mwenyewe aliyapenda hivi kwamba kila Jumapili alirudi nyumbani na bidon mbili, madumu ya maji ya chai yake ya wiki. Mama Léonie alionja mara moja, akasema yananuka saruji, akabaki na maji ya paa lake, na mabishano yao juu ya jambo hilo yalisikika hadi avenue ya pili.

Katika nyumba hizo thelathini na saba ilikuwemo ya Mapendo, muuza maharage, aliyepoteza nyumba yake kwenye moto, akakaa na mama mkwe wake, Mama Uwizeye, na mwezi wa kumi na mbili mwaka huo akapata mimba. Modeste alimpenda kama binti yake, akamwambia mjamzito anywe lita mbili kila siku bila kukosa, na Mama Uwizeye, ambaye hakuna mtu mwaminifu kumpita, alichemsha maji hayo kila asubuhi huku ameshika saa. Mtoto alizaliwa tarehe 3 Septemba 2022, msichana, akaitwa Sylvie.

Mtu aliyegundua kosa hakuwa daktari wala mtaalamu, alikuwa Darius, yule mnayemjua, anayetembea na kikapu cha vernis akigonganisha chupa zake ili wanawake wajue mpaka rangi wa kucha amepita. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi 2022 alifika kwa Modeste, akakaa, akasema, "Papa, mama ba Kibati banamaliza vernis yangu. Kila kucha iko na mustari mweupe wa kukata katikati, napaka mara mbili, mara tatu, ndio unajificha, na bengi banasema miguu inabachoma sawa bamekanyaga siafu." Modeste alicheka, akamwambia anunue vernis nzito zaidi, kisha akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake cha chai, na akaona kwenye ukucha wa dole gumba lake mwenyewe mstari mweupe, umekata kutoka upande hadi upande. Chai hiyo hakuinywa.

Palepale alikumbuka ukurasa mmoja wa kitabu chake cha shule, juu ya sumu inayochora mistari kwenye kucha, akapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Kibati, akasimama mbele ya birika, na kwa mara ya kwanza akaona kitu ambacho macho yake yalikuwa yamekiona Jumapili nyingi, kwamba upande mmoja birika lina mteremko na upande wa pili lina vidato vifupi vifupi, na hakuna fundi duniani anayejengea tangi la maji vidato vya namna hiyo. Alimtafuta Muzee Habarurema, mchungaji wa zamani, akamuuliza birika hili lilikuwa la nini, naye akajibu bila wasiwasi, "Pale? Pale ni pa kuogesha ngombe. Bazungu balitiamo dawa ya kupe, ngombe anaruka huku, anaogelea, anatoka kule." Alipoulizwa kwa nini hakusema mwaka mzima, akasema hakuna mtu aliyemuuliza, na kwamba yeye pia anayanywa, na ng'ombe wa wakati ule walikuwa na afya njema. Muzee Habarurema yuko hapa, amekaa karibu na mlango, na miguu yake bado inamchoma nyakati za baridi, naye ameniruhusu niliseme hilo.

Dawa ya kupe ya zamani ilitengenezwa kwa aseniki, na Jumapili tarehe 16 Oktoba 2022 Modeste alirudi na kifaa cha kupimia aseniki ambacho hakikuwahi kutoka kwenye sanduku lake, akaweka maji kwenye kichupa, akafunika kwa karatasi nyeupe, akangoja, na karatasi ikawa ya manjano, ikapita manjano, ikawa ya kahawia kama kahawa, maana yake zaidi ya mara arobaini ya kiasi ambacho mtu anaweza kunywa kwa usalama. Alikaa chini kwenye jiwe mbele ya watu wote.

Hapo aliwaeleza, na kwa kuwa aliagiza hata nyinyi ambao hamkuwepo mueleweshwe, nasoma alivyoandika mwenyewe. Aseniki haina harufu, haina rangi, haina ladha, imo kidogo kidogo katika kila jiwe, katika kila udongo, katika wali wa sahani yako, katika damu ya kila mmoja wetu hapa, na kidogo hicho hakimsumbui mtu, ugomvi uko kwenye kipimo. Ni madini, haiozi, haifi, iliyomwagwa wakati wa babu inamngoja mjukuu, imekaa ndani ya saruji na ndani ya matope, mvua ikija inatoka nayo taratibu. Ukiinywa inapita tumboni kuingia kwenye damu, na kwa siku moja imefika kila chumba cha mwili, ini, mapafu, figo, na kwa mjamzito inavuka mpaka kwa mtoto, ini linapambana nayo, figo zinaisukuma nje kwa mkojo, sehemu kubwa inaondoka kwa siku chache, lakini iliyobaki inakimbilia kwenye ngozi, nywele na kucha na kujifungia humo. Kwa hiyo mkojo unasema ulikunywa nini juzi, na kucha zinasema ulikunywa nini miezi iliyopita, hata kama wewe umesahau.

Kisha ikaja sehemu iliyomuuma kuliko zote. Mama mmoja alisimama akasema hakuna shida, tutachemsha saa nzima, na wengine wakaitikia, kwa maana Modeste ndiye aliyewafundisha hivyo kwa miaka ishirini na minane. Modeste aliomba sufuria, chumvi na maji safi ya paa, akatia chumvi, akawaonjesha, akachemsha mbele yao dakika ishirini kamili kwa saa yake, akawaonjesha tena, na kila aliyeonja alikunja uso, kwa sababu maji yalipungua na chumvi ilibaki yote. Akawaambia aseniki ni vilevile, moto unaua vijidudu lakini madini hauyawezi, na kwamba yule aliyechemsha kwa uaminifu zaidi ndiye aliyekunywa sumu nzito zaidi. Mama Uwizeye alikuwa amesimama mbele, mtoto Sylvie wa wiki sita mgongoni mwake, akageuka akaondoka naye.

Hapo Modeste aliomba rangi nyekundu, akafuta yale ya buluu, akaandika: MAJI MABAYA. USINYWE. USICHEMSHE. NILIKOSEA. M.B. Wazee walimsihi aondoe lile neno "nilikosea", kwamba kosa lilikuwa la wote na kwamba mtu wa umri wake hana haja ya kujiaibisha, naye akasema aliyetia sahihi kwenye uzuri atie sahihi na kwenye ubaya, basi. Wiki iliyofuata vijana walimwaga humo mawe ya volkano na udongo mwekundu wa kutu, maana aseniki ikikuta chuma inakigandia, wakafunika kwa saruji, mashamba ya viazi vitamu pembeni yakahamishwa, na parokia ikasaidia kupata matangi saba mapya ya paa, ambayo Modeste aliyapima yote, safari hii kwa vipimo vyote.

Ilibaki kujua nani ana kiasi gani mwilini, na daktari akasema zikusanywe kucha za miguu za kila nyumba, zipelekwe maabara ng'ambo ya mpaka. Ndugu zangu, mnajua kwetu kucha haiachwi mkononi mwa mtu. Mwanamke akikatwa kucha anazikusanya kwenye kiganja, anazichoma au anazitupa chooni mwenyewe, kwa maana mwenye kucha zako ana maisha yako, na sasa mzee ambaye jana alikupa maji mabaya anakuja na bahasha akitaka kucha za watoto wako. Nyumba ya kwanza ilimfungia mlango, ya pili ikamuuliza kama amehamia dini gani.

Darius ndiye aliyepata njia. Alitandika mkeka katikati ya soko la Kibati, akamkalisha Modeste juu yake, akamvua viatu na soksi mchana kweupe, akamkata kucha kumi za miguu huku watu wakihesabu kwa sauti, akazitia kwenye bahasha, na Modeste akaandika juu yake jina lake lote kwa herufi kubwa, akaipa umati ishike, akasema, "Munishike mimi kwanza. Kama kuna mutu anataka kuniloga, njia ni hii, na mi niko muzee, sitamusumbua sana." Watu walicheka hadi wakakaa chini, na aliyekatwa wa pili alikuwa Muzee Habarurema. Darius alimpaka vernis bure kila mwanamke aliyetoa bahasha, na kufikia mwisho wa mwezi nyumba thelathini na sita zilikuwa zimetoa.

Majibu yaliporudi, aliyeongoza kati ya watu wazima wote alikuwa Baharanyi Modeste, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyechemsha chai yake kwa utii kama huo, na Mama Léonie, aliyekuwa amekatwa kucha kwa kulinganisha, alionekana safi kama maji ya mawingu. Modeste aliitundika karatasi yake ya majibu ukutani, kando ya picha ya harusi, na ipo mpaka leo, mtakapokwenda nyumbani kunywa chai mtaiona. Baada ya miezi sita kucha mpya zilianza kutoka bila mstari, baada ya mwaka nyumba zote thelathini na sita zilikuwa chini ya kipimo cha hatari, na Darius alilalamika kwamba sasa vernis inamkaa kikapuni.

Nyumba ya thelathini na saba ndiyo iliyokataa. Mama Uwizeye alisema, na hakukosa haki, "Alisema tuchemushe, tulichemusha. Alisema mama anywe, alikunywa. Kucha ya huyu mutoto haitoki hapa." Mapendo alijaribu kumsihi, akashindwa. Modeste hakubishana, alisema kwamba angekuwa yeye angekataa vilevile, lakini kuanzia siku hiyo mtoto Sylvie ndiye aliyekaa kichwani mwake, kwa kuwa mtoto huyo alikunywa maji aliyoyasifu ukutani kabla hajazaliwa, bila kuulizwa, na hakukuwa na kipimo cha kumwambia kama yameondoka.

Vita vilipowashusha watu wa Kibati mjini mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo wa 2022, nyumba ya Mapendo ilipata chumba hapa Mabanga, avenue mbili kutoka kwetu, na Jumapili ya kwanza Modeste alibeba bidon moja ya maji ya paa lake, iliyopimwa, akaiweka mlangoni kwao, akagonga, akaondoka kabla haijafunguliwa. Alifanya hivyo kila Jumapili kwa karibu miaka mitatu, isipokuwa zile za mwanzo wa mwaka huu ambapo risasi zilitufungia wote ndani, na hakuomba kucha, hakutaja aseniki, hakukaa. Baada ya mwaka mmoja bidon tupu ilianza kumngoja mlangoni imeoshwa. Baada ya miaka miwili mtoto mwenyewe alikuwa akiiburuta nje, akiita "Babu Vé!", kwa sababu jina lote lilikuwa refu kwa kinywa chake, na Modeste alirudi nyumbani siku hiyo akimsimulia Mama Léonie jinsi mtoto anavyokimbia, miguu imenyooka, hakanyagi kama mwenye kuchomwa, na Mama Léonie anasema alilia kidogo kisha akadai ni vitunguu.

Tarehe 15 Septemba 2025 moyo wake ulichoka, akalazwa, na aliwasumbua madaktari waandike waziwazi kwamba moyo huo ulikuwa na shida tangu mwaka 2009, wala mtu asilisingizie birika. Jumatatu tarehe 22 Septemba, wakati wa kutembelea wagonjwa, mlango ulifunguliwa akaingia Mama Uwizeye, peke yake, ameshika karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akasimama kando ya kitanda, akaiweka katika kiganja cha Modeste, akakifunga kiganja hicho kwa mikono yake miwili, akasema, "Shika, muzee. Ni za mutoto, kumi zote, nimekata mi mwenyewe. Ulituletea maji siku yote bila kuuliza kitu." Modeste alimtazama, akamwambia ahsante, mama, kisha akaomba bahasha, na kwa mkono ambao tayari ulikuwa hauna nguvu aliandika jina la Sylvie. Darius aliipeleka mpakani asubuhi ya kesho yake.

Kila siku aliuliza kama majibu yamefika, na kila siku tulimwambia bado. Jumapili tarehe 12 Oktoba alinirudishia daftari hili, akanionyesha ule mstari mtupu, akasema kama yatakuja akiwepo atajaza mwenyewe, na kama sivyo, mtu asome kwa sauti, yakiwa mazuri au mabaya, kwa namna ileile aliyoandika ukutani. Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, Mama Léonie akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi saba na siku mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa aliyepima maji ya wodi mara mbili, wafanyakazi wenzake wa zamani wa maabara waliobeba jeneza tangu asubuhi, majirani wa Mabanga waliotuletea viti, kuni na sufuria, Darius ambaye tangu juzi hajagonganisha chupa zake, na watu wa Kibati, nyumba zote thelathini na saba, waliokubali kumsamehe mbele ya macho yake akiwa hai, si leo akiwa ndani ya sanduku.

Na sasa ule mstari. Majibu yalifika jana, Alhamisi tarehe 16 Oktoba, miaka mitatu kamili tangu siku ya rangi nyekundu, Mama Léonie aliyafungua, akaniletea bic nyekundu ya Modeste, na leo asubuhi, mbele yake, mbele ya Mapendo na Mama Uwizeye, nimejaza hivi: Sylvie, miaka mitatu, nyumba ya thelathini na saba, kucha za miguu, aseniki ya kawaida, chini ya kipimo, mtoto ni safi.

Kaka, umesomewa yote, hatukuruka kitu, usiamke. Pumzika kwa amani.